Kijiti cha Shomari

Pale mtaani Kipawa, ukimwita Mfaume chongo, jiandae kukimbia. Jamaa anapulizia rangi magari gereji ya uchochoroni, mkono wake mzito, na jicho la kulia hana tangu ana miaka miwili. Mama yake, Bi Mwajabu, alimwambiaga ni Shomari, mtoto wa jirani, alimchoma na kijiti wakicheza. Mfaume akaimeza hivyo hivyo. Ukubwani walipokutana msibani, salamu hakuna: alimng'oa Shomari meno mawili mbele za watu.

Mfaume ana binti, Zawena, mwaka na ushee. Siku moja mkewe Mwantumu alimpiga mtoto picha kwa simu, flashi ikawaka. Jicho moja likatoka jekundu kidogo, kama la watu wote. La pili jeupe, linang'aa kama la paka gizani.

"Baba Zawena, hebu ona jicho la mtoto."

"Unataka kusema mwanangu chongo kama mie? Si useme tu!"

Simu ikaenda ukutani. Bi Mwajabu, aliyekuwa kibarazani anachambua mchele, akaiokota. Kioo kimepasuka ila picha ipo. Akaitazama weee. Mwisho akasema, "Simu zenyewe za Kichina hizi. Mtoto mzima huyu."

Ikapita miezi mitano. Jicho lilipoanza kuvimba ndio Mfaume akambeba mwanawe mbio hospitali kubwa, Mwantumu nyuma yake. Dokta, mama mmoja asiye na papara, akammulika. Jicho la kulia uvimbe umelijaa lote. La kushoto lina mwingine, mdogo kama punje ya mtama. Akamgeukia Mfaume.

"Na lako lilitokaje?"

"Kijiti."

"Nani alikwambia kijiti?"

Mfaume akapandisha sauti. "Mama yangu! Kwani vipi?"

"Kamuulize tena. Unafanya kazi gani?"

"Gereji."

"Basi nisikilize. Kila chembe ya mwili ina breki mbili, ili isizaliane ovyo. Kuna watu wanazaliwa moja ishakufa, mwili mzima. Ya pili ikifa jichoni, chembe hazisimami tena. Kansa yenyewe ndio hiyo. Na kila mtoto unayemzaa, uwezekano ni nusu kwa nusu umpe ile breki mbovu. Tungejua mapema tungemchungulia macho tangu wiki ya kwanza, pengine la kulia lingepona. Sasa linatoka, Jumatatu. La kushoto tutalipigania."

Mfaume alifika nyumbani anahema.

"Mama, leo shikamoo sina. Nani alinitoa jicho?"

Bi Mwajabu akaangalia chini. "Hospitali ya misheni, kule kwetu Masasi. Walisema kansa. Nikawaza, nikisema, nani atakupa mke? Wataona ukoo mbovu."

"Na Shomari?"

"Shomari hakuwa na baba, mwanangu. Nani angemtetea?"

"Na picha? Si uliiona picha!"

"Niliiona. Weupe ule ule wa kwako. Nikamuomba Mungu iwe macho yangu tu ndio mabovu."

Mfaume alikunja ngumi, akatafuta wa kumpiga. Hakuna. Ukuta alishaupiga na simu.

Mwantumu alikuwa mlangoni, Zawena mgongoni, mimba ya miezi minne mbele. Kasikia yote. Akaingia ndani, akatoka na begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu Temeke. Jumatatu nampeleka mtoto kutolewa jicho. Na huyu wa tumboni akitoka leba anakwenda kwa dokta wa macho. Kwenu hapa hakanyagi kwanza."

"Mie nilikuwa sijui, mke wangu. Wallahi tena!"

"Mama yako alijua, akanyamaza. Mie sijui kitu, nikasema, ukanivunjia simu. Nyie wote wamoja."

Akashika njia. Bi Mwajabu akamsogelea mwanawe, sauti ya chini: "Mwache, atarudi. Majirani wakiuliza, sema kaenda kwao kupumzika na mimba."

Mfaume akamtazama kama hamjui. Akatoka hadi kati ya uchochoro, mbele ya wanawake waliopanga ndoo bombani, akapaza sauti.

"Kansa! Mwanangu ana kansa ya jicho, nimempa mie! Na mie nilikuwa nayo! Haya, kauzeni maneno!"

Bomba likawa linamwaga tu, hakuna anayekinga. Mwantumu alisikia vizuri sana. Hakugeuka.