Picha ya Tini ya Bi Farkhonde

Bi Farkhonde ni karani wa posta hapa Estahban, mji wa tini nchini Irani, nami nimekaa dirisha la pili kando yake miaka kumi na minne. Kupiga picha alijifundisha mwenyewe. Picha yake ya tini kavu kwenye sinia la shaba ilimgharimu Ijumaa tatu, akingoja jua liingie vizuri nyumbani kwa mama yake.

Kiumarsi, mfanyabiashara wa tini, aliiona mtandaoni akampigia simu. "Bei gani picha hii, dada?"

"Haina thamani mbele yako," akajibu Farkhonde.

Kwetu hata muuza mkate husema hivyo. Mnunuzi husisitiza mara mbili, mara tatu, ndipo bei itajwe. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Kiumarsi alishukuru, akakata simu. Kabla ya Nowruz, mwaka wetu mpya, picha ilikuwa kwenye maboksi elfu kumi ya tini zake. Nilikasirika kuliko mwenye picha, nikamkokota hadi dukani kwa Kiumarsi.

"Si ulinipa bure?" Kiumarsi akatabasamu. "Halafu wewe dada ni karani, si mpiga picha."

"Na wanunuzi uliwaambia boksi limepambwa na karani?" akauliza Farkhonde.

Kabla hajajibu, mzee mmoja akaweka maboksi mawili mezani, akauliza bei.

"Hayana thamani mbele yako, baba," akasema Kiumarsi, mkono kifuani.

"Tafadhali, sema."

"Chukua tu, uwe mgeni wangu."

"Haiwezekani, mwanangu."

"Basi, tomani laki tisa."

Farkhonde hakupaza sauti. "Kumbe desturi unaijua. Mzee huyu angebeba maboksi kwa neno lako la kwanza, ungemwitaje?"

Kiumarsi akainamia mashine ya kadi.

"Mwizi," mzee akamjibia.

"Milioni arobaini," akasema Farkhonde. "Ni za maboksi haya elfu kumi tu. Ukichapa mengine, tunapatana upya."

"Kwa picha moja ya simu?"

"Kwa picha iliyokuuzia tini zako. Ungeipiga mwenyewe."

Alilipa palepale, mzee akisimama asiondoke hadi ujumbe wa benki ulipoingia.

Siku hizi Farkhonde akiulizwa bei ya picha, hutaja tarakimu kabla ya salamu kuisha. Wapo wanaosema amekosa adabu. Waseme. Alipokuwa nayo, ilimnenepesha Kiumarsi.