Chapati Ndani ya Mkoba

Mtacheka nikimaliza, msinikatize. Niliapa sitaondoka Maskati kabla ya kunywa chai ya asubuhi kwenye ule mgahawa maarufu wa Kifaransa. Nikaagiza mkate wao uliopinda kama mwezi mchanga. Kuuma, ndani upepo mtupu.

Nikampigia simu dada yangu aliyeko Tanga, nikamwaga Kiswahili kwa sauti, maana nani pale angenielewa? Nikamwambia Wafaransa wanauza hewa, ila mimi mjanja, nimeficha mkobani chapati za mwenyeji wangu wa Wadi Kabir. Nikamsimulia pia jinsi mama mmoja wa Kiomani, meza ya jirani, alivyokuwa akilifukuza yai sahanini kwa uma kama anamkimbiza kuku aliyelitaga. Dada akacheka mpaka akakohoa.

Nilipokata simu, nikapenyeza mkono mkobani na kumega kipande chini ya meza.

Yule mama akaweka uma wake chini, akaniinamia.

“Mwanangu,” akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, “yai limenshinda kweli. Nkatie na miye hiyo chapati.”