Siku Nilipotaka Kujifungua Mbele ya Darasa Langu

Jumamosi ile haijanitoka akilini, mwanangu, wewe unayesoma haya mkono ukiwa juu ya mimba yako ya kwanza. Nilikuwa na miaka mitatu tu tangu nirudi kutoka Uingereza, na diploma yangu ya ukunga nilikuwa nimeitundika sebuleni kwetu Kawangware, mahali ambapo hata mwuza makaa akisimama mlangoni aliiona. Usinicheke. Niliipata kwa kusugua sakafu za watu, hakuna mjomba aliyenishika mkono, na nikialikwa popote hadi leo naitaja.

Huko ng'ambo nilijifunza kwamba mwanamke mwenye afya anaweza kujifungua bila dawa ya usingizi na bila kukatwa, akijua kupumua na kuulegeza mwili. Ndivyo nilivyowazaa mabinti zangu, Nafula na Nekesa. Nyumbani habari hiyo ilikuwa kama ugali, haikukosekana. Wasichana walizalisha magunzi ya mahindi chini ya meza. Nafula wa miaka sita alikuwa mkunga, na Nekesa wa miaka minne alihema mpaka mashavu yakamvimba.

"Pumua, mama, usikimbie!" Nafula alikuwa akimwambia.

"Nimechoka kuzaa. Sasa wewe," mwenzake alikuwa akijibu.

Kila Jumamosi niliwafundisha wajawazito katika chumba cha kanisa moja pale Laini Saba, kando ya reli. Jirani wa kanisa alikuwa Mama Kalekye, mkunga mzee aliyetoka Kitui, asiyejua kusoma hata jina lake. Alikuwa na sharti moja. Hakumshika mzazi kabla mkokoteni haujasimama mlangoni, umetandikwa godoro, na mwenye mkokoteni akiwa papo hapo, kwa sababu vichochoro vile havikupitisha gari. "Njia ya kutokea kwanza," alisema, "ya mtoto baadaye." Nami, msomi, nilimcheka mbele ya wanafunzi wangu. Niliwaambia kwamba anayeandaa mkokoteni amekwisha kuukaribisha woga.

Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia. Asubuhi ya siku hiyo, mimba yangu ya tatu ikiwa imekomaa, wasichana wakioga kwenye karai, nilijipapasa tumbo. Kichwa cha mtoto kilikuwa ubavuni. Alilala kama gogo lililokingama mlangoni. Mkunga yeyote anajua hatari yake. Nilijiambia atageuka. Baba yao alikuwa amesafiri kwenda Bungoma, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Niliwashika wasichana mikono tukaenda darasani.

Uchungu ulinianza nikiwa nimesimama mbele yao. Badala ya kuogopa, mwanangu, nilifurahi!

"Leo hamtasikia kwa masikio tu," niliwaambia. "Leo mtaona."

Nilipiga magoti mkekani, wanawake wakapiga makofi. Nafula alipiga magoti kando yangu akaanza kupumua nami. Lakini mmoja wao aliingiwa na wasiwasi, akatoka kimya kimya kumwita Mama Kalekye. Mzee aliingia akifutia mikono kwenye leso yake. Aliweka kiganja kwenye tumbo langu, akakihamisha, akakirudisha.

"Huyu amekingama. Mwalimu, ulijua?"

Nilipumua kwa nguvu zaidi.

"Nakuuliza. Ulijua?"

"Nina diploma, mama."

"Diploma iko ukutani Kawangware. Mtoto yuko hapa chini ya mkono wangu, na mlango haoni. Mimi nimezalisha mtaa huu mzima, lakini huyu simwezi. Wewe unamweza?"

Nafula aliacha kupumua pamoja nami. "Mama, kwani mtoto hatatoka?"

Nilitazama nyuso za wale wanawake, nikajua kwamba kilichonipigisha magoti pale ni macho yao tu. Kwa ajili ya makofi yao nilikuwa tayari kumpoteza mtoto, na wasichana wangu wabaki bila mama.

"Leteni mkokoteni," nilisema.

Opiyo, mwuza maji, alikuwa amekwisha kushusha mitungi yake mkokotenini. "Pisheni, pisheni! Mzigo wa ng'ambo huu, usivunjike!" Watu walicheka, nami nikacheka katikati ya uchungu. Penye reli wanafunzi wangu waliuinua mkokoteni nikiwa juu yake. Mama Kalekye alitembea kando yangu, amembeba Nekesa mgongoni.

"Sasa pumua vile unavyotufundisha," alisema. "Hiyo pumzi yako ni nzuri. Itumie."

Barabarani tulipata pikapu ya mboga ikatufikisha hospitali. Nilipasuliwa, mimi niliyewahubiria watu wakikimbie kisu. Daktari alisema tumewahi, chupa ya uzazi ilikuwa bado haijapasuka. Mwanangu, nimepokea vyeti na nimepigiwa makofi nchi mbili, lakini sijapata kusikia sauti tamu kama kilio cha mtoto yule nilipozinduka. Nililia machozi ya mtu aliyetua mzigo mzito. Na Nafula alipowaona wanawake wa darasani alitangaza, "Ni msichana! Lakini hakupitia mlangoni."

Sikuacha kufundisha. Wapo mamia mtaani waliojifungua kwa pumzi na nguvu zao wenyewe kwa sababu yangu, na hilo najivunia bila haya. Nawe penda njia hiyo, ni njema. Ila usimfiche anayekushika jambo unalolijua kuhusu mwili wako. Usimzae mtoto ili watu wakusifu. Panga mapema utakavyofika hospitali, hata ukiwa na uhakika hutakwenda. Na mzee asiye na cheti akikuambia "hili siliwezi," msikilize kuliko anayesema anaweza yote.

Mungu akufungue salama, mwanangu. Uingie ukiwa mmoja, mtoke mkiwa wawili, na maziwa yasikukauke.