Gia ya Kushukia Tingi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la mafuta ya taa, brashi iliyokwisha nywele na difu ya lori, nikaambiwa nioshe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa kwa heshima ya ajira. Kufikia saa ya chai shati lile lilikuwa halina rangi ya kutajika. Jioni nilirudi nyumbani nimenuna, nikaapa kwamba kule sirudi tena. Asubuhi nikarudi.

Hiyo ilikuwa gereji ya misheni, upande wa Kigonsera. Kwa ninyi vijana mliozoea kuliona gari kwa nje tu, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Linapokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu ya kushoto na kulia, ili gari likikata kona gurudumu moja liweze kwenda haraka kuliko lingine. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likikosa ardhi, nguvu yote inakimbilia huko huko, nalo linazunguka bure huku la pili limetulia tu kama halihusiki. Dawa yake inaitwa loki, ambayo inayafunga magurudumu mawili yazunguke kwa pamoja.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Bruda Msimamizi, mzungu mrefu aliyeongea Kiswahili kwa kukikatakata, lakini alichokuambia hukukisahau. Wakati huo barabara ya kuteremkia ziwani ilikuwa vumbi, kona juu ya kona, na Bruda alikuwa akituchukua sisi wanafunzi wa ufundi tukajifunze kuendesha huko. Siku moja mwenzetu alikanyaga breki kuanzia juu mpaka bondeni. Bruda alimsimamisha, akatushusha wote, akatuamuru tuinuse ile harufu ya kuungua kwenye magurudumu.

"Breki ni za kusimama," alisema. "Kushuka ni kazi ya gia."

Kanuni yake ilikuwa kwamba gia ambayo ungeupandia mlima ndiyo uushukie. Na kwa milima yetu, gari la kazi lilipaswa kuwa na gia ya ziada tunayoiita lo, inayolipunguzia gari mwendo na kuliongezea nguvu, likatambaa badala ya kukimbia. Inakaa kwenye transfa kesi, boksi lililo nyuma ya gia boksi, ambalo kazi yake ni kugawa nguvu mbele na nyuma.

Kutoka misheni nilikwenda karakana ya ushirika, Mbinga mjini, kwenye malori ya kahawa. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa kwetu, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Neno lake lilikuwa moja tu: "Hesabu meno." Gari linalovuta kwa magurudumu yote lazima difu ya mbele na ya nyuma ziwe na hesabu moja ya meno, la sivyo zitavutana mpaka kitu kivunjike. Tulikuwa tukimteta kwamba hata mkewe alimhesabu meno kabla ya kumwoa. Lakini sikuwahi kuona difu iliyovunjika katika gari alilolikagua yeye.

Utumishi wangu niliumalizia halmashauri, chini ya Mkuu wa Usafirishaji, bwana mpole aliyetuagiza kazi zote kwa "naomba", hata kama gari limezama mtoni na watu wanapiga kelele. Nilipostaafu nikafungua gereji yangu karibu na stendi ya Mbinga. Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo mpaka leo watu wananisimamisha njiani kuniuliza.

Bwana Komba alinijia na gari jeusi la kifahari kutoka Ulaya, viti vya ngozi, kioo cha kuonea nyuma kinachojikunja chenyewe. Alinipa shikamoo kwa adabu, akasema anataka gari lile lipande na kushuka kama hadtopu, lile gari gumu la porini. Nikamwambia kwamba kuna njia rahisi zaidi, auze hilo anunue hadtopu. Hakucheka. Akavuta kiti, akanieleza.

Mama yake, Bibi Kolastika, alikuwa akiishi peke yake kijijini, upande wa Tingi. Alianguka na bodaboda akija Mbinga, akavunjika nyonga. Alitibiwa, mfupa ukaunga kwa namna yake, na sasa alikuwa kwa binti yake pale mjini akilia kila siku kwamba arudishwe kwake. Lami ilikuwepo mpaka njia panda. Kutoka njia panda kulikuwa na mteremko mrefu wa udongo mwekundu mpaka mtoni, kisha kipande cha kupanda kilichochimbwa na maji. Walishajaribu kumpeleka kwa hadtopu, lakini springi zile za kubebea mizigo zilimrusha hivi kwamba hata mji hawakuumaliza, wakarudi naye akitetemeka kwa maumivu. Gari jeusi lilikaa juu ya mifuko ya upepo, likampokea vizuri, ila lilikuwa la mjini. Halikuwa na lo wala loki.

Komba alikuwa mtu wa ofisi huko Dodoma, na likizo yake ilikuwa inakwisha. Alisema gari likishindikana, atamchukua mama yake moja kwa moja akaishi naye. Chumba kilikuwa tayari.

Kesho yake nikaitwa na Bibi Kolastika mwenyewe. Nilimkuta amelala kwenye kitanda sebuleni, mwembamba, lakini macho yake hayakuwa ya mgonjwa. Nilipomaliza kumwamkia alinitazama mikono kwanza.

"Fundi," alisema, "mimi nitarudi kwangu kwa gari lile laini, na mwanangu ndiye ataliendesha. Sitaki dereva wa kukodi. Lisipoweza, nipelekeni huko Dodoma nikafie ghorofani."

Nilitoka pale nikijisemea huyu bibi ana madoido. Hata hivyo nilimwonea huruma, nikaikubali kazi.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui. Kiwanda hakitengenezi magari mawili tofauti kabisa, moja la mjini na moja la porini. Bodi ni moja. Anayetaka vya porini anafungiwa, asiyetaka anaachiwa nafasi zake wazi. Nilipoingia uvunguni niliona mahali pa kushikia transfa kesi kubwa pamechongwa tayari, na nilipofungua kapeti la nyuma nikakuta soketi imezungushiwa utepe na kiwanda, inasubiri mota ya loki ambayo haikuletwa. Nilifurahi sana. Kumbe gari lilikuwa limezaliwa na nafasi ya kila kitu, ni mwenyewe tu aliyelinunua la mjini.

Vifaa tuliviagiza kwa wauza spea wa Dar es Salaam, kutoka gari la aina ileile lililopata ajali: transfa kesi yenye lo, difu ya nyuma yenye loki, maboksi ya umeme ya kuviongoza, na kitufe cha mviringo cha kuchagua njia, kama ni matope, mchanga au mawe. Pembeni yake kuna kitufe kingine cha kushukia mlima. Ukikibonyeza, gari linajishika lenyewe, gurudumu moja moja, nawe mguu wako unakaa pembeni. Nilipokiona nilimkumbuka Bruda, nikajiuliza angesema nini.

Difu ilipofika nikahesabu meno. Hayakulingana na ya mbele. Komba aliniomba tufunge hivyo hivyo, ni safari moja tu, akaniambia mama yake ameanza kukataa chakula. Nilimjibu kwamba difu ikivunjika katikati ya ule mteremko, hatakuwa na mama wa kumpeleka Dodoma. Aliitazama difu pale chini. Kisha akapiga simu ofisini kwake kuomba siku zaidi, nasi tukairudisha difu na kuingoja nyingine. Siku zile za kungoja zilinikaa vibaya, maana kila nikipita kwa yule binti nilikuta bibi amepungua.

Ya pili ililingana. Nikafunga kila kitu, nikawasha gari, na dashibodi nzima ikawaka taa kama duka la simu. Gari lilikuwa na gia ya lo, lakini lilikuwa halijui kwamba linayo. Hapo chuma kilikuwa kimefika mwisho wake, nami pia. Nikamwita Fundi Zawadi wa Songea, mama wa makamo anayeshughulika na umeme wa magari, akaja na kompyuta yake.

Zawadi alinieleza kwamba ndani ya kumbukumbu ya gari kiwanda kimeandika maelezo yake yote: lina difu gani, vitufe vipi, springi za aina gani. Ukiongeza kitu bila kurekebisha yale maandishi, gari linakikataa. Alikaa kwenye kiti cha mbele akibadilisha maneno hayo moja baada ya jingine, na taa zikawa zinazimika. Ikabaki moja, ya loki.

"Baba," aliniambia bila kuinua macho, "hiyo ni ya kwako, siyo ya kwangu."

Nikaingia uvunguni. Soketi ilikuwa haijabana. Nikaisukuma mpaka ikalia, na juu nikamsikia Zawadi akicheka.

Tulilijaribu kwanza na magunia ya mahindi, njia ya Kigonsera, mimi nikiwa kwenye usukani. Kisha ikaja siku yenyewe. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na Komba alitaka kuahirisha. Mama yake alikataa. Tukamlaza kiti cha nyuma, binti yake akamshikilia, mimi nikakaa mbele na Komba.

Kwenye njia panda niliweka lo, nikaijaza ile mifuko ya upepo mpaka gari likainuka juu kabisa, nikabonyeza kile kitufe cha kushukia. Mbele yetu mteremko ulikuwa unang'aa kwa utelezi. Mguu wa Komba ulikuwa umeganda kwenye breki.

"Toa mguu," nilimwambia.

"Mzee, nikitoa itaondoka."

"Haitaondoka. Toa."

Hakutoa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na ninaamini hakuwa akiliogopea gari. Kutoka nyuma mama yake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Batista, mtii mzee."

Akautoa. Gari likanguruma chini kwa chini, likaanza kutambaa, breki zake zikikwaruza zenyewe huku na huku. Lilishuka taratibu kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Tukafika mtoni. Kwenye kipande cha kupanda gurudumu moja la nyuma liliingia kwenye korongo, jingine likaning'inia hewani, na kwa jinsi gari lilivyokuwa zamani safari ingeishia pale. Taa ya loki ikawaka, nguvu ikarudi kwenye gurudumu lililoshika ardhi, tukatoka.

Majirani walitoka kwenye mihogo wakatukimbilia. Walimwingiza bibi ndani, wakamlaza kwenye kitanda chake, na mmoja wao akamchukua Komba kumpeleka kwenye kaburi la baba yake lililo nyuma ya nyumba. Binti alikwenda kuwasha moto. Nikabaki na Bibi Kolastika, nikamwambia kwamba sasa amefika, atulie.

"Fundi," alisema, "ulidhani mimi ndiye nilikuwa sina usafiri?"

Nikamwambia sikumwelewa.

"Mimi ningebebwa hata kwa machela, vijana hapa wapo. Tangu tumzike baba yake, Batista hajakanyaga hapa. Kila mwaka ananiambia, mama, barabara mbaya, njoo tuonane Mbinga. Nami naenda. Barabara ilikuwa mbaya kweli, sikuwa na la kumjibu."

"Na sasa?"

"Sasa umemmalizia sababu."

Nilicheka. Dirishani tulimwona Komba akiwa ameinama kaburini na viatu vyake vya ofisini, anang'oa majani kwa mikono. Watu walikuwa wameshampa jembe. Alikuwa ameliweka pembeni.

Baada ya kazi ile niliweka spana chini. Magoti yalishachoka na uvungu, na nilitaka kuacha nikiwa bado naona vizuri meno ya difu. Vijana huja kunitembelea, wengine wananiuliza kama kompyuta hazikuua ufundi wetu. Nawaambia hazikuua kitu, nendeni mkamuulize Zawadi. Kinachonikera ni wale wanaofunga matairi makubwa na taa kumi juu ya paa halafu gari linashinda limeegeshwa nje ya baa. Vitu vile vilibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo kuna mtu anangoja. Nilifanya kazi maisha yangu yote bila kulifikiria jambo hilo sana. Nilidhani natengeneza magari, na mishahara yangu yote nililipwa kwa kutengeneza magari.

Bibi Kolastika alifariki msimu wa mvua uliofuata, kipindi ambacho hata bodaboda zilikuwa hazishuki mtoni. Batista ndiye aliyenipigia simu kunipa habari. Nilimpa pole, kisha nikamuuliza kama ameshatoka Dodoma, ili nimtafutie mtu wa hadtopu wa kumvusha.

"Hapana, mzee," aliniambia. "Niko hapa nyumbani tangu juzi. Nilikuwa nimemshika mkono."