Jezi ya Buluu Mlangoni pa Katungu

Ukimtafuta Katungu asubuhi, nenda Kituku, pale mitumbwi inapotia ubavu ufukweni, uulize mama anayerushiwa samaki. Wanawake wengine huingia majini mpaka magotini kugombania sambaza, dagaa wa ziwa letu. Yeye husimama juu ya jiwe la lava, anafungua mikono, na gunia linaruka kutoka mtumbwini na kutua kifuani pake. Kwa miaka yote niliyokaa jirani naye huko Ndosho, ameangusha kitu mara moja tu, na ndiyo habari ninayoiandika. Bintiye Bibiche alijifunza kudaka hapo hapo Kituku, samaki kwanza, mpira baadaye.

Katungu ni kati ya wachache waliobaki katika mji huu wanaojua kumlilia mtu inavyopaswa. Siku hizi mtu akifa, vijana wanaweka picha yake kwenye simu na mshumaa pembeni, na kabla ya jioni wameweka nyingine ya kuku wa kuchoma. Zamani tulilala chini juu ya majani ya migomba, na nyumba haikufagiwa mpaka msiba uishe. Aliyekufa alijua kwamba amekufa. Sasa hata mwenyewe hapewi habari.

Bibiche alikuwa msichana mrefu, magoti meusi kwa makovu ya lava, kwa sababu uwanja wa Ndosho hauna nyasi na golikipa huanguka kila siku. Vijana wa pikipiki walikuwa wakisimama kumcheka. "Wee, mutoto mwanamuke, utaolewa na poteau!" Naye aliwajibu kwamba mlingoti wa goli hauombi chakula. Vita vilimpeleka Uganda, na kutoka Uganda akapata njia ya kwenda Kanada, katika mji mdogo wenye mto ambao huganda mpaka magari yanapita juu yake. Huko alikuta klabu ya mpira ya wanawake iliyoitwa Hérons, jina la ndege wa majini mwenye miguu mirefu.

Habari za klabu ile alimsimulia mama yake kwa simu, miaka na miaka, na Katungu alinisimulia mimi kama mtu anayesimulia ukoo wake. Ilianzishwa na wanawake waliokuwa wakipasua samaki katika kiwanda kando ya mto. Walikuwa wamechoka kukaa Jumapili wakitazama waume zao wakicheza. Hawakuwa na jezi, basi mama wa kapiteni wa kwanza aliwashonea kwa kitambaa cha buluu cha aproni za kiwandani, moja moja, kwa mkono. Kila mwaka barafu ikiyeyuka, mto ulimeza uwanja, nao wakasubiri maji yatoke, wakaondoa magogo na samaki waliokufa, wakachora mistari upya. Mabinti wa wale wapasua samaki walicheza, kisha wajukuu. Halafu kiwanda kilifungwa, wasichana wakahamia miji mikubwa, uwanja ukauzwa. Mechi ya mwisho walikuwa wanawake tisa, na golini alisimama mtoto wa Ndosho. Katungu alipenda sana kwamba walikuwa watu wa samaki. "Bale ni batu yetu," alikuwa akisema. Mimi nilipenda kidogo zaidi ya hapo: kumbe huko nako mambo mazuri yanakufa.

Sasa nitaeleza desturi moja ya ukoo wa Katungu. Babu zake walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu kutoka Butembo, waliotembea kwa miguu wakiwa na chumvi na maharagwe. Mmoja akifia njiani, wenzake hawakubeba maiti. Walibeba nguo zake. Walizifua, wakazikunja, wakaziweka kizingitini pa mama yake na kwenda zao bila kubisha hodi. Mama akifungua mlango hakuuliza neno. Alikaa chini akaanza kulia.

Siku moja mwaka huu, katikati ya Kwaresima, Katungu alirudi kutoka Kituku saa sita mchana. Kizingitini palikuwa na furushi. Ndani yake kulikuwa na jezi ya buluu namba moja, imefuliwa, imekunjwa, mikono imewekwa mgongoni. Hakuna karatasi, hakuna mtu. Mtaa mzima ulikuwa kimya kwa joto; hata majenereta yalinyamaza. Aliyeileta tulimjua baadaye: Émile, anayevuka mpaka kila siku na mizigo ya watu. Alikuta mlango umefungwa, naye alikuwa na haraka, akaiweka chini akaendelea mpaka Kampala kutafuta bidhaa.

Katungu hakuingia ndani. Alikaa hapo hapo chini, akafungua kilemba.

Tulijaribu kupiga simu Kanada. Ilijibu mashine kwa Kifaransa, siku hiyo na siku zilizofuata. Kambere, kaka mkubwa wa Katungu, alikuja akatazama jezi bila kuigusa. "Imekunjwa vizuri," alisema. "Waliokunja hii walimupenda." Basi. Katungu akanyoa nywele.

Padri alikubali kusoma misa. Habari ya shimo hakutaka kuisikia. Lakini asiyezikwa hatulii, na mwili ulikuwa mbali, kwa hiyo tulifanya kama walivyofanya wazee. Jumamosi ya mvua tulikwenda kwenye shamba dogo la Kambere upande wa Mugunga. Kambere alikata mgomba wenye urefu wa Bibiche. Katungu aliuvalisha jezi, akajaza majani makavu kwenye mikono ya jezi, na ili nguo isiteleze, akaufunga kamba ya katani juu, pale ambapo ingekuwa shingo. Tulikuwa watatu tu: yeye, Kambere na mimi.

Kuchimba kule ni kazi ya mtarimbo, kwa sababu chini ni jiwe. Na chini ya jiwe kuna mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu wala rangi, inayolala mashimoni na kuua anayeinama. Shimo lilipofika kiunoni, mwana-mbuzi wa jirani alishuka kunusa majani. Akapiga magoti ya mbele, kama anayesali. Akalaza kichwa. Hakulia. Kambere alimvuta kwa mguu na kumweka kando, macho yake bado yamefunguka.

"Shimo limekubali," alisema.

Tulimteremsha Bibiche wa mgomba kwa kanga mbili, tukarudisha udongo na mawe. Mvua ilikuwa inanyesha kila mahali, lakini juu ya udongo ule ilikuwa ikitoa mvuke.

Majani ya migomba aliyolalia Katungu yalikuwa yamekaukia sakafuni, na nywele zimeanza kuota, aliporudi kuuza Kituku. Siku hiyo nilikuwa pale kutafuta mboga. Gunia lilikuwa linakuja hewani, simu ikalia kwenye kanga yake. Alidaka gunia kwa mkono mmoja, akaweka simu sikioni kwa mwingine.

"Mama? Ni miye."

Aliachia vyote. Gunia likapasuka juu ya mawe, simu ikazama kwenye beseni la sambaza, na sauti ikaendelea kuita humo ndani: "Mama? Mama?" Wavuvi waliacha kucheka. Katungu ambaye hajawahi kuangusha kitu alisimama mikono wazi.

Nsimire, mwenzake wa kando, mwanamke wa Bukavu, wa kabila la Bashi, mwenye mdomo mkali, ndiye aliyetumbukiza mkono. Akaifuta simu kwenye kanga.

"Allô! Nani anaongea na samaki yetu?"

"Mama Nsimire, ni Bibiche! Mbona batu wameweka picha yangu na mushumaa? Nilikufa lini?"

Nsimire alicheka mpaka akakaa. Kumbe simu ya mtoto iliharibika kwa maji, akahamia mji mwingine kutafuta kazi, na alipopata simu mpya kitu cha kwanza kuona kilikuwa tanzia yake mwenyewe. Nsimire alimnyooshea Katungu simu. "Kamata, ni mutoto wako."

Katungu alirudi nyuma. "Mutoto wangu nilimuzika."

Mchana ule tulikaa nyumbani kwake, mlango umefungwa. Bibiche alipiga tena, na Nsimire akaiweka simu juu ya meza ili wote tusikie. Kambere aliinua kidole.

"Musimuite jina. Aliye chini, ukimuita jina kabla hujamutoa, unamufunga huko. Anabakia sauti tu."

"Papa Kambere," Nsimire alisema, "muzimu hanunuake mega za simu."

"Wee uko Mushi, hujue mambo yetu."

"Bashi pia tunakufaka, Papa. Ila tukikufa, tunanyamaza."

Kutoka mezani sauti ilisema, "Mujomba, miye niko hapa. Mama, sema kitu."

Katungu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilimwona anavyoteseka: jina liko ulimini, na akilitoa vibaya atampoteza mtoto mara ya pili. Akalizuia.

"Na ile jezi?" Kambere aliuliza. "Nani alituma jezi?"

"Ni kapiteni! Klabu imefungwa, Mujomba. Ndiyo desturi yao tangu mwanzo. Jezi za kwanza zilishonwa na mama wa muchezaji, basi muchezaji akiacha mupira, jezi inafuliwa, inakunjwa, inarudishwa kwa mama yake. Hawaandike kitu. Mama anajua. Ni heshima!"

Wanawake wa ule mto na wafanyabiashara wa Butembo hawakuwahi kuonana, na walikunja nguo namna moja, kwa mama mmoja, kwa maneno yale yale ya kutosema. Ila kwao ilimaanisha mtoto amerudi.

"Swali la mwisho," Kambere alisema, sauti imeshuka. "Mwilini unajisikia namna gani?"

Simu ilikwaruza. "Si vizuri. Kuko Jumamosi moja mu Kwaresima niliamuka sina hewa. Tangu siku ile hewa inakuja kidogo. Docteur anasema ni asthme, ni baridi. Lakini asthme gani inakaba mutu hapa, chini ya kidevu, kama kamba? Na kila siku inakaza zaidi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kamba. Hata Nsimire alikuwa haijui. Alitutazama mmoja mmoja, akainyanyua simu mezani.

Katungu aliinuka, akachukua kisu chake cha samaki. Akaashiria mlango.

Tulifika Mugunga jua likiwa kali. Hakukuwa na upepo, na hiyo ni hatari penye mazuku. Juu ya kaburi palikuwa na ndege watatu wadogo, wamekufa, wamepangana kama waliowekwa. Kambere alitaka tungoje upepo wa ziwani. Nsimire alikuwa ameshika simu, na Bibiche alikuwa bado hewani. Tulimsikia akivuta pumzi kwa shida, kama mtu anayenyonya maji kwenye kitambaa. Katungu alisikiliza, akatikisa kichwa. Kwa desturi anayepaswa kufukua ni yule aliyelia wa kwanza. Sisi wengine tulimfunga kanga kiunoni tukashika ncha.

Alivuta hewa akainama, akatoa mawe, akainuka nje kupumua, akainama tena. Kila akiinuka, macho yake yalikuwa mekundu zaidi. Mara moja alikawia. Tulivuta kanga, akaja mzito, akatapika kando ya shimo, akasukuma mikono yetu akarudi. Safari iliyofuata alikuwa amekumbatia kitu kifuani, kama anavyokumbatia gunia pale Kituku, nasi tukawavuta wote wawili.

Mgomba uliokatwa huoza upesi. Huu haukuwa umeoza. Ulikuwa umenyonya maji ukavimba ndani ya jezi, mikono imejaa, na ulikuwa na joto. Ardhi ya kule ina joto, nalijua hilo. Nilipougusa niliondoa mkono. Kamba ilikuwa imezama juu, pale shingoni, mpaka haikuonekana, na utomvu umetoka pande zote mbili.

Kwenye simu pumzi zilikuwa zimekoma.

"Allô?" Nsimire aliita. "Allô, mama yangu, allô?"

Katungu aliingiza ncha ya kisu chini ya kamba, akakata.

Simu ilitoa sauti kubwa, ya mtu anayetokeza juu ya maji. Kisha kikohozi. Kisha pumzi ndefu, moja, nyingine, nyingine. Katungu aliisogelea simu kwa magoti, mikono yake myeusi kwa udongo.

"Bibiche."

"Mama," sauti ilisema. "Mulikuwa munafanya nini?"

Tuliurudisha mgomba shimoni ukiwa uchi, kwa sababu Kambere alisema shimo lililochimbwa haliachwi tupu. Jezi Katungu aliifua ziwani. Alama ya kamba haikutoka kwenye ukosi. Golikipa wa sasa wa wasichana wa Ndosho alikuja kuiomba. Akapewa sambaza, akaambiwa aende.

Bibiche anafanya kazi huko aliko, na daktari wake anasema asthme imepona kwa dawa. Anapiga simu karibu kila siku, asubuhi yetu, kwake bado usiku, wakati mitumbwi inaingia. Katungu hapokei gunia wakati huo. Anashuka kutoka kwenye jiwe lake, anaweka simu sikioni, na hajibu salamu.

"Pumua kwanza," anasema. "Nisikie."

Halafu anasimama hapo, macho kwenye maji, anasikiliza, na Nsimire anapiga kelele kutoka kwenye mabeseni kwamba mega za mutoto wa watu zinaisha.