Waulize Kama Wafiwa

Nakumbuka alasiri moja hapa Rashidiya, mbali na pwani tulikotoka, mwanangu, nimeketi mkekani mbele ya shangazi yangu Bi Mwanaisha, kitabu cha historia magotini, namsomea majibu niliyoyakariri. Shangazi alikuwa kwenye eda. Mumewe, mpakuzi wa mizigo uwanja wa ndege, alikuwa amefariki ghafla, nami nikatumwa kukaa naye asibaki peke yake.

Kesho yake nilikuwa na mtihani wa historia, wa kusimama mbele ya walimu na kujibu kwa mdomo. Baba alikwisha kusema, tena mbele ya watu: "Ukianguka huu, khalas, shule basi. Utakaa nyumbani." Baba hakuwa mtu wa mzaha.

Nikamsomea shangazi swali kubwa la mwaka ule: utumwa Marekani uliishaje? Nikajibu kwa pumzi moja. Rais, majenerali, vita, tangazo, basi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Mbona watumwa wenyewe hawamo? Uhuru waliletewa kwenye sinia, kama pilau?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ndivyo kitabu kisemavyo," nikajitetea.

"Umekaa humu na wageni wangu. Yupo hata mmoja aliyeniuliza cheo cha marehemu?"

Hakuwepo. Unaijua desturi yetu: mgeni akishatoa pole, huuliza taratibu, "Ilikuwaje?" Na mfiwa huanza mwanzo. Aliamka vipi, alikula nini, nani alikuwepo, nani alimshika mkono, nani ameachwa. Wageni waliingia wanalijua jina la marehemu tu, wakatoka wanamjua mwenyewe.

"Basi na hao waulize hivyo hivyo," akasema. "Nao walikuwa na watu wao."

Nikakifungua tena kitabu. Mwanangu, walikuwemo! Walikuwa kwenye maandishi madogo chini ya picha, mahali nilipokuwa naparuka. Watu waliotoroka mashamba ya pamba vita vikiendelea, wakajipeleka wenyewe kwa jeshi la kaskazini. Wanaume walioshika bunduki. Akina mama waliotembea na watoto migongoni.

Kesho yake mwalimu mkuu, Mmisri mwenye sauti nzito, akaniuliza: "Nani aliwakomboa watumwa wa Marekani?"

"Rais alitia saini, ustadhi, na jeshi likapigana. Lakini wengi walikuwa wameshaanza kutoka kwa miguu yao, na wengine wakarudi na bunduki kuwapigania wenzao."

"Na baada ya uhuru walipata nini?"

"Najua wengi hawakupewa ardhi. Zaidi ya hapo sijui vizuri."

Akaweka kalamu chini. "Nani kakufundisha kujibu hivi?"

"Mfiwa, ustadhi."

Nikapita. Sikuwa wa kwanza, sitakudanganya, lakini nilipita. Nikakimbia mpaka nyumbani kwa shangazi, nikapiga kelele mlangoni, "Nimepita!" na kutoka chumba cha ndani, katika nyumba ya msiba, kikapanda kigelegele kirefu. Wanawake waliokuja kutoa pole wakapigwa na butwaa.

"Bi Mwanaisha! Uko kwenye eda!"

"Najua nilipo. Marehemu ndiye aliyekuwa akimpeleka shule huyu. Niacheni, asikie!"

Akapiga cha pili. Baba, aliyekuwa akinisubiri pale mlangoni, alijaribu kukunja uso ukamshinda, akacheka huku akifuta macho. "Haya," akasema, "utaendelea."

Sikufika mbali sana na masomo, lakini sikutolewa. Shangazi naye ametutoka mwaka huu. Sisemi mengi juu ya hilo, bado linaniuma.

Ninalokuusia ni hili. Ukisoma habari za Marekani, au za vita vilivyoitikisa dunia nzima, au za pwani tulikotoka sisi, usiridhike na jina la aliyetia saini. Tafuta nani alikuwepo, nani aliumia, nani alijiokoa kwa mikono yake. Na usilolijua, sema hulijui. Hakuna aibu hapo.

Mungu akufungulie akili, akupe ujasiri wa kusema kweli mbele ya wakubwa, na akujaalie nyumba iliyojaa watu wa kushangilia ushindi wako. Amin, mwanangu.