Usimvike Mtoto Kilemba cha Kadhi

Nakumbuka Ijumaa moja, tumetoka msikitini, nikamkalisha binti yangu wa miaka minane katikati ya sebule, nikamwekea simu chini ya kidevu kama mtangazaji wa mpira, nikamwambia: "Sema. Unataka kukaa na nani?"

Mwanangu, usinitolee macho. Aibu yangu naijua, sihitaji msaada wa kuijua. Naiandika kwa sababu mmenichosha. Hauishi mwezi bila kijana kunivamia ofisini hapa Deira, Dubai, simu mkononi, ananionyesha video: "Mzee, msikie mwenyewe, mtoto kasema anamtaka baba." Keshokutwa anakuja mama na video yake, mtoto yuleyule, shati lilelile, safari hii anamtaka mama. Sasa mimi mnataka nifanye nini? Nimgonge mtoto muhuri?

Shule niliishia darasa la nne. Dubai niliingia kwa mgongo: nilibeba majokofu na magunia bandarini mpaka bega likaota sugu, na leo nina ofisi yangu ya kufungasha mizigo ya Tanga na Unguja, jina langu liko mlangoni kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi haya kwa majivuno tu, ingawa majivuno yamo. Nasema ujue kwamba mtu anaweza kulifunga kabati la vioo likafika Tanga bila ufa, na asijue kumbeba mtoto wake mwenyewe.

Wakati ule, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nilikuwa na arobaini na moja. Utasema huo si ujana. Ujana si miaka, mwanangu. Mtu ni kijana mpaka siku atakayokubali kwamba alikosea. Mimi nilichelewa kukua.

Mama Rukia na mimi tulishindwana. Sababu sizisemi, zilikuwa za kipuuzi kama za kwenu. Talaka nilitoa, akaipokea, akahamia kwa mdogo wake mtaa wa Discovery Gardens, akapata kazi ya kuangalia watoto kwenye basi la shule ili awe na viza yake mwenyewe, asiwe tena chini ya yangu. Vyombo tuligawana bila kelele. Aliyebaki ni Rukia.

Mama yake akaniambia: "Flati yako ya International City ina wapangaji sita, wote wanaume, pazia kwa pazia. Wewe kutwa uko bandarini. Mtoto wa kike nani atamtazama?"

Ilikuwa hoja. Mimi nikasikia tusi. Nikamjibu: "Na wewe kazi ikikatika, viza ikafutwa, mtoto aache shule katikati ya mwaka arudi Tanga?"

Na hiyo nayo ilikuwa hoja. Hoja mbili nzuri, wazazi wawili wajinga. Kila mmoja alishika ya kwake kama mwamba ngoma, ngozi kuvutia kwake. Hakuna aliyesema, "Kweli, hapo umesema, tufanyeje?" Tungesema hivyo, mambo yangekwisha siku ileile.

Kaka yangu mkubwa, Hamisi, akatuma sauti kutoka Tanga kwenye kundi la ukoo: "Muulizeni mtoto. Na sisi tumsikie kwa masikio yetu." Dubai mnaijua, simu za mtandao zimefungwa, lakini sauti za kurekodi zinapita. Ndiyo hiyo simu chini ya kidevu. Mtoto ahojiwe Dubai, hukumu isikike Tanga.

Tulikuwa watu wazima wanne: mimi, mama Rukia, mdogo wake, na Bi Zuwena, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kiunguja aliyeingia nchi hii kabla ya haya maghorofa. Rukia kakaa kwenye kiti, miguu haifiki chini.

"Sema, mama."

"Nataka maji," akasema Rukia.

Nikampa maji. Akanywa yote.

"Haya, sema sasa."

"Nataka maji tena."

Kikombe cha pili, cha tatu. Mama yake akaanza kulia bila sauti, mdogo wake akamshika bega.

"Hebu mwacheni mtoto," Bi Zuwena akasema. "Huyo hana kiu."

"Bibi, wazee Tanga wanasubiri."

Rukia akanitazama. Akamtazama mama yake, akamtazama na yule mama yake mdogo aliyemshika dada yake bega. Kisha akasema kwenye simu, sauti kama ya mtu anayejibu hesabu: "Baba."

Mwanangu, nilipiga paja. "Khalas!" nikasema, kama niliyefunga goli. Sauti nikaituma palepale, mama Rukia hajainua hata uso. Tanga wakajibu kwa hongera. Hongera! Utadhani nimeoa.

Bi Zuwena akanikazia macho. "Weye mwanamme, umemshinda nani?"

"Mtoto kasema mwenyewe, Bi Zuwena. Sikumlazimisha."

"Mtoto wa miaka minane umemvika kilemba cha kadhi, kisha wacheka? Kilemba hicho kizito. Mkubwa wake kimemwelemea, ndo ukampa yeye."

"Ah, watu wa Unguja kwa maneno!" nikamjibu, tena mbele za watu. Mungu anisamehe. Yule mama alichukua mtandio wake akashuka ngazi.

Basi Rukia akakaa kwangu, na akawa mtoto mzuri. Mzuri kupita kiasi, na hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Haombi kitu. Viatu vikimbana hasemi. Nilimpikia maharage siku tano mfululizo, yameungua chini, akasema, "Asante baba, matamu." Maharage yale hata mpangaji wangu mmoja Mganda, mtu wa kula chochote, alisukuma sahani. Baada ya shule alikaa ofisini kwangu katikati ya maboksi, kimya, na mimi nikiwaambia wateja: "Mnamwona? Ana raha. Kwa mama yake asingetulia hivi."

Mama yake akipiga simu, Rukia anajibu: "Nimekula. Nimeoga. Niko salama." Kama askari wa zamu anayeripoti kwa bosi. Na mimi nikafurahi kwamba mtoto halii.

Sikiliza, mwanangu, na hili ulitie moyoni: mtoto asiyelalamika nyumbani kwake si mtoto mwenye raha. Huyo ni mgeni. Mgeni ndiye husifu kila chakula.

Asubuhi moja namwamsha aende shule, naona mto umelowa usaha. Sikio la kushoto. Namgusa paji la uso, moto. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, teksi, kliniki. Daktari, mama mmoja mpole, akamuuliza kwa Kiingereza ameanza kuumwa lini. Rukia akahesabu vidole, akainua tisa.

"Siku tisa!" nikafoka mbele ya daktari. "Siku tisa sikio linaoza, na mimi niko hapo hapo! Mbona hukuniambia?"

Akaangalia viatu vyake. "Mimi ndiye niliyekuchagua."

"Sasa?"

"Ningesema naumwa, mama angejua nimechagua vibaya. Na watu wa Tanga wote wamesikia."

Niliketi. Na hata pale, tazama kiburi cha mwanadamu, bado nilikuwa natafuta sifa. Nikamuuliza: "Na kwa nini ulinichagua mimi?" Nilidhani atasema ninampenda, ninamchekesha, ninamletea vitu.

"Mama alikuwa na mama mdogo," akasema. "Wewe hukuwa na mtu."

Basi. Ndiyo hukumu yangu ile niliyoipigia paja. Mtoto hakuchagua wa kumlea. Alichagua wa kumhurumia. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi, mbeba mizigo wa kazi, nilimtwika mtoto wangu upweke wangu nikadhani ni pamba.

Daktari akasema ngoma ya sikio imetoboka. Kidonda kitapona, usikivu hautarudi wote. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikumsikia Bi Zuwena, na guu langu hili hapa, zima. Lililoharibika ni sikio la mwanangu. Methali hazisemi hivyo, lakini maisha ndivyo yanavyofanya: mkosaji mmoja, mlipaji mwingine.

Nikampigia mama Rukia. Akaja na sare yake ya basi la shule, anahema. Nilijiandaa kwa matusi, na yalikuwa haki yangu. Hata hakunitazama, alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Baadaye tukasimama nje kwenye korido, watu wawili waliokwisha kuachana, na kwa mara ya kwanza tukazungumza kama wazazi. Nikamwambia, "Ya wapangaji ulisema kweli." Akasema, "Na ya viza ulisema kweli." Ilichukua muda wa kunywa chai. Jumapili mpaka Alhamisi, siku za shule za huku wakati ule, mtoto kwa mama. Ijumaa na Jumamosi kwangu, na chumba chenye mlango na kitasa nikamhamisha mpangaji nikampa yeye. Viza ya mtoto ibaki kwangu, ili kazi ya mama ikitikisika, shule isitikisike.

Tukarudi ndani pamoja. Nikasema: "Rukia, mimi na mama yako tumeamua. Hatukukuuliza, na hatutakuuliza tena. Ikiwa mbaya, kosa ni letu."

Akasikiliza. Akakunja uso. "Lakini Ijumaa ndiyo mama anapika biriani! Nyie hamfikirii!"

Miezi minne nilikuwa sijasikia lalamiko kinywani mwake. Mwanangu, nilitaka kumbusu daktari.

Ile sauti nilimwomba Hamisi aifute. "Ah, mdogo wangu," akasema, "nilishawapa akina shangazi, nao wameitawanya." Maji yakimwagika hayazoleki. Huko Tanga zipo simu za watu nisiowajua ambamo mwanangu wa miaka minane bado anakata kesi ya wazazi wake.

Kwa hiyo wewe uliye na video, ifute, na ukimaliza ndiyo uniite mzee. Mkiachana, achaneni, talaka haikuanza na nyie. Lakini suala la mtoto alale wapi ni kazi ya waliomzaa. Kaeni chini, kila mmoja ataje hofu yake, na mwenzake akubali iliyo ya kweli hata kama inamuuma. Mkishindwa, nendeni kwa wazee wenye busara, mkishindwa tena kwa kadhi mwenyewe, yeye amesomea. Simwambii mtu asimsikilize mtoto. Msikilize sana! Muulize anaogopa nini, anakosa nini, kitanda kiwe wapi, nani amchukue shuleni. Akikwambia bila kuulizwa kwamba mahali fulani anaumizwa, simama uchunguze siku hiyohiyo. Ila usimwulize nani zaidi. Jibu lolote atakalotoa, amemwumiza mtu anayempenda, na atalilipa peke yake, kimyakimya, huku wewe ukimwita mtoto mzuri. Mwambieni nyote wawili, mdomo mmoja: tumeamua sisi, ukikasirika tukasirikie sisi.

Nimemaliza, nina makontena yananisubiri. Mungu akupe kifua cha kubeba mzigo wako mwenyewe. Na akujaalie mtoto wa kununa, wa kubisha, wa kukwambia wazi chakula chako kibaya, akijua kwamba hata akisema hivyo, kesho atakuta sahani yake mezani. Amin.